Nilishika Kinasa Sauti

Jua la Kuhmo halitui mwezi wa sita.
Ule usiku wote unaouona kwenye filamu
tuliushona kwa mablanketi ya jeshi,
tukaupigilia misumari madirishani,
na mbu wakaja kama walioalikwa kwa kadi.

Raija aliuza gari lake kupata fedha.
Gari lenyewe halikuwa na gia ya kurudi nyuma,
na fedha zake zikawa na tabia hiyo hiyo.
Kamera ya kuazima. Taa za muuza samaki.
Kwetu supu ya njegere huliwa Alhamisi;
sisi tulikuwa na Alhamisi kumi na tisa mfululizo.

Mwigizaji mkuu: Ilpo, mpwa wake,
miaka kumi na mitano. Miguu ilitangulia kukua,
mwili uliobaki ukaifuata ukihema.
Kiangazi kizima amevaa kofia ya manyoya ya marehemu babu yake,
na ghalani ana vifyonza vumbi ishirini na vitatu,
vyote vya jalalani, vyote vibovu,
kila kimoja amekipa jina la shangazi:
Saimi, Tuulikki, Lempi anayekohoa,
Hilkka mnene asiyepita mlangoni.

Hapakuwa na haja ya kutunga mengi.
Kwenye filamu kijana anaunda okestra ya vifyonza vumbi
kwa sherehe ya kufunga shule,
anavichomeka vyote kwa mpigo,
na shule nzima inaingia gizani.
Tulipopiga picha hiyo mara ya saba
giza lilikuja kweli, likapita shule, likafika kiwanda cha mbao,
na msimamizi akatoka mbio na tochi, amevaa soksi moja,
akitukana mpaka babu wa babu wa Raija.
Raija hakuzima kamera.
Yule bwana hakulipwa hata senti,
na aliigiza kutushinda sote.

Mimi nilipewa kazi kwa sababu ya urefu.
Kinasa sauti kwenye ncha ya ufito wa kuvulia samaki,
vipokea sauti masikioni, mdomo kimya.
Raija hakujua, au alijua,
kwamba mimi ndiye niliyempachika Ilpo jina la shuleni.
Vumbi.
Likamganda, hata mwalimu wa hesabu
siku moja aliliita kwenye mahudhurio,
na Ilpo akajibu, "Nipo."

Kamera huona uso. Kinasa sauti hakina adabu,
kinaingia ndani bila hodi.
Raija alipohesabu moja, mbili,
nilimsikia Ilpo akinong'ona.
Nikadhani anakariri maneno yake.
Nikabana vipokea sauti.
Vumbi, alikuwa akisema. Vumbi, Vumbi, Vumbi,
polepole, kama mtu anayetia kidole cha mguu
kwenye maji ya ziwa, anatoa, anatia tena,
mpaka baridi ikome kuwa baridi.
Tatu.
Akainua kichwa, akachekesha.

Mikono yangu ilitetemeka. Kinasa sauti kikashuka
hadi katikati ya picha, kikaning'inia juu ya kofia
kama popo aliyepotea njia.
"Kata! Wewe, vipi?"
"Mikono imechoka," nikasema.

Filamu ilionyeshwa kwenye kituo cha zimamoto,
maana sinema ya mji siku hizi inauza matairi.
Raija alikiacha kile kipande. Fedha hazikurudi nyuma, nasi vile vile.
Popo wangu aliposhuka ukumbi ukavunjika mbavu,
mwalimu wa hesabu akapangusa machozi,
na Ilpo, safu mbili mbele yangu, kofia magotini,
alicheka mabega yakipanda na kushuka.
Mimi peke yangu sikucheka.

Nje, saa sita ya usiku, kweupe pe.
Akanijia.
"Siku ile, mikono ilikuwa imechoka kweli?"
Mbu mmoja alitua shingoni mwangu. Nikamwacha anywe.
"Hapana."
Akanitazama kitambo, akavaa kofia yake.
"Basi njoo unisaidie kumbeba Hilkka," akasema.
"Mshike chini. Juu anang'oka."